Mhudumu wa Ndege na Kiti cha Juu cha Wafanyakazi wa Marekani

Mwezi Juni mwaka 2022 wajumbe wa shirikisho kuu la vyama vya wafanyakazi la Marekani, lijulikanalo kwa jina la AFL-CIO, walikutana katika mji wa Philadelphia kumchagua rais wao. Aliyechaguliwa ni Bibi Liz Shuler, na hakuwa na mpinzani. Hata hivyo, kwa muda wa miaka mitatu kabla ya mkutano huo, jina lililotajwa mara nyingi magazetini na katika mikutano ya wafanyakazi, kila ulipozungumzwa uongozi mpya wa shirikisho hilo, lilikuwa la mtu mwingine. Huyo ni Bibi Sara Nelson, mhudumu wa ndege wa shirika la United, ambaye tangu mwaka 2014 alikuwa kiongozi wa chama cha wahudumu wa ndege kiitwacho AFA. Yeye mwenyewe alikuwa amekiri hadharani kwamba anafikiria kugombea. Siku ya uchaguzi ilipofika, jina lake halikuwamo katika orodha.

Kwa askari wa jeshi na wa polisi, habari za uchaguzi wa vyama vya wafanyakazi katika nchi ya mbali zaweza kuonekana kuwa si zao. Askari hana mgomo, wala hana mkataba wa kujadiliana na mwajiri. Lakini ndani ya kisa hiki limo swali ambalo askari hawezi kulipuuza, nalo ni hili: mtu aliyeapa kutumikia, ambaye sheria inamkataza kuacha zamu yake, anapokosa mshahara, nani atamsemea?

Kwanza yafaa kueleza mhudumu wa ndege ni nani, kwa sababu wasafiri wengi humtazama kama mgawaji wa chai. Mwaka 1930 muuguzi aitwaye Ellen Church, aliyekuwa amejifunza pia urubani, aliliomba shirika la Boeing Air Transport limwajiri. Shirika halikumpa urubani. Lilimpa kazi ya kuwatuliza na kuwahudumia abiria, na likaajiri wauguzi wengine saba wa kike pamoja naye. Kutoka hapo kazi hiyo ikawa ya wasichana wasioolewa. Aliyeolewa aliachishwa. Katika baadhi ya mashirika aliyefikisha umri wa miaka 32 aliondolewa katika safari za angani, na uzito wake ulipimwa kwa mizani kama mzigo. Mwaka 1945 mhudumu wa United aitwaye Ada Brown aliwakusanya wenzake wakaunda chama chao, na mwaka uliofuata wakatia saini mkataba wao wa kwanza. Bibi Brown mwenyewe, baada ya kuwapatia wenzake mkataba huo, aliolewa, na kwa kuwa sharti la kutoolewa lilikuwa bado halijavunjwa, akaondoka kazini. Masharti ya ndoa na umri yalianza kuanguka baada ya sheria ya haki za raia ya mwaka 1964. Yale ya mizani yaliendelea mpaka miaka ya 1990.

Kisheria, mhudumu yumo ndani ya ndege kwa ajili ya usalama. Kanuni za Marekani zinataka awepo mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Aina mpya ya ndege ya abiria haipewi kibali mpaka ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutolewa katika sekunde 90, huku nusu ya milango ikiwa imefungwa. Tarehe 15 Januari 2009, ndege ya US Airways ilipotua juu ya maji ya mto Hudson, mjini New York, walikuwamo watu 155, na wahudumu walikuwa watatu tu. Wote 155 walitoka hai.

Tarehe 11 Septemba 2001 ilikuwa na mambo mengine. Katika ndege ya kwanza iliyotekwa siku hiyo, iliyotoka Boston, mhudumu Betty Ong alishika simu iliyokuwa nyuma ya ndege, akazungumza na watu wa shirika lake kwa takriban dakika 25. Alieleza kwamba watu wamechomwa visu, kwamba chumba cha marubani hakijibu, na kwamba anaamini ndege imetekwa. Yeye na mwenzake, Amy Sweeney, walitoa habari za viti walivyokuwa wamekalia watekaji. Askari yeyote aliyefunzwa kutoa taarifa akiwa katika hatari atatambua kwamba hiyo ilikuwa taarifa kamili, iliyotolewa na mtu asiye na silaha ambaye alijua kwamba huenda hatatoka. Siku hiyo waliuawa wahudumu 25 katika ndege nne.

Bibi Nelson alikuwa mhudumu katika kituo hicho hicho cha Boston. Ndege ya pili, ya United, ilichukua rafiki zake. Alikuwa ameingia kazini mwaka 1996, na habari ya siku zake za kwanza ameisimulia mara nyingi. Mshahara wake wa kwanza ulichelewa, kodi ya nyumba ikawa inamsubiri, naye akaenda ofisini kuuliza bila kupata jibu. Mwenzake mmoja wa kazi, ambaye hakuwa akimfahamu, akamwandikia hundi ya dola 800, akamwambia ajitunze, kisha awapigie simu watu wa chama. Hundi yake halisi ilitoka mara moja chama kilipoingilia. Wapo wanaosema kwamba wanasiasa hupenda kuzipamba habari za namna hii. Hata hivyo, kila aliyeanza kazi mbali na kwao anajua uzito wa mshahara wa kwanza kuchelewa.

Mwezi Desemba mwaka 2002 shirika la United liliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, likakaa katika hali hiyo mpaka Februari 2006. Katika kipindi hicho mishahara ilipunguzwa, na mwaka 2005 mahakama ililiruhusu shirika kuachana na mifuko ya pensheni ya wafanyakazi wake, ambayo ikatupwa kwa bima ya serikali. Watu waliotumikia miaka 30 waliona akiba yao ya uzeeni ikikatwa kwa kalamu. Bibi Nelson ndiye aliyekuwa msemaji wa wahudumu wa United katika mambo hayo. Hapo ndipo alipojifunza kazi, na hapo ndipo wenzake walipomjua.

Mwaka 2014 aligombea urais wa AFA. Alikuwa makamu wa rais, na aliyepingana naye alikuwa rais wake, Bibi Veda Shook. Katika chama hicho rais hachaguliwi kwa kura ya kila mwanachama. Huchaguliwa na viongozi wa matawi kutoka mashirika mbalimbali ya ndege, wakikaa katika baraza lao. Kwa hiyo mgombea hashindi kwa picha ukutani. Hushinda kwa kujulikana na viongozi wa matawi, ambao nao wanajulikana na watu wao kwa majina. Bibi Nelson alishinda, akachaguliwa tena mwaka 2018 na mwaka 2022.

Chama alichokirithi kilikuwa na wanachama wapatao 50,000, na kilikuwa na silaha moja isiyo ya kawaida. Sheria inayotawala kazi za reli, iliyotungwa mwaka 1926 na kupanuliwa mwaka 1936 ikajumuisha mashirika ya ndege, inaufanya mgomo kuwa mgumu. Mkataba wa kazi hauishi muda wake hivi hivi. Pande mbili hupelekwa kwenye bodi ya usuluhishi, na bodi yaweza kuwashikilia mezani miaka mingi. Ikiwaachilia, husubiri siku 30 nyingine. Mwaka 1993, wahudumu wa Alaska Airlines walipofika mwisho wa njia hiyo, hawakugoma wote kwa pamoja. Waligoma katika safari chache tu, bila kutangaza ni ipi wala saa ngapi, kisha wakarudi kazini. Shirika halikujua ni ndege gani itakayokosa wahudumu kesho, na abiria nao hawakujua. Mahakama ikaamua kwamba mbinu hiyo ni halali. Msikilizaji aliyesomea vita vya msituni hahitaji kuelezwa jinsi kikosi kidogo kinavyoweza kulifanya jeshi kubwa lilinde kila daraja.

Sasa tufike mwezi Januari mwaka 2019, mwezi uliolifanya jina la mhudumu huyo lijulikane nchi nzima. Tarehe 22 Desemba 2018 baadhi ya idara za serikali ya Marekani zilikosa bajeti, kwa sababu Rais Donald Trump na Bunge walikuwa hawajaelewana juu ya fedha za kujenga ukuta katika mpaka wa Mexico. Watumishi wapatao 800,000 wakakosa mishahara. Karibu nusu yao walipelekwa nyumbani. Waliosalia, zaidi ya nusu, waliamriwa kuendelea na kazi bila malipo, na miongoni mwao walikuwamo waongozaji wa ndege na wakaguzi wa usalama wa viwanja vya ndege.

Vilevile walikuwamo askari. Bajeti ya Wizara ya Ulinzi ilikuwa imekwisha kupitishwa, lakini Kikosi cha Walinzi wa Pwani, ambacho ni jeshi kamili lenye meli, silaha na sheria za kijeshi, kiko chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Tarehe 15 Januari 2019 zaidi ya askari 40,000 wa kikosi hicho hawakupata mshahara. Mkuu wao alisema kwamba hilo halikuwa limepata kutokea kwa askari wa Marekani kwa sababu ya kukosekana bajeti. Doria baharini ziliendelea. Familia za askari zikawa zinapanga foleni mahali palipogawiwa chakula cha msaada. Hapakuwa na adui aliyeikata njia ya fedha zao. Fedha zilikuwapo, nchi ni tajiri, ila wakubwa walikuwa wanabishana.

Watumishi hao wasingeweza kugoma. Sheria ya Marekani inamtishia mtumishi wa serikali kuu anayegoma kwa kifungo cha hadi mwaka mmoja na siku moja, na kila mwongozaji wa ndege anakumbuka habari za mwaka 1981. Tarehe 3 Agosti mwaka huo waongozaji wapatao 13,000 waligoma. Rais Ronald Reagan, ambaye chama chao kilimwunga mkono katika uchaguzi wa mwaka uliotangulia, aliwapa saa 48. Tarehe 5 Agosti zaidi ya 11,000 walifukuzwa, na marufuku ya kuajiriwa tena katika kazi hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1993. Minara ilishikwa na wasimamizi, na wale waliokataa kugoma, na waongozaji wa ndege walioletwa kutoka jeshini. Vyama vingine vilitoa matamko makali. Marubani na mafundi wao wakaendelea na kazi.

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya hotuba ya tarehe 20 Januari 2019. Shirikisho la AFL-CIO lilikuwa limemtunuku Bibi Nelson tuzo katika mkutano wa kumkumbuka Martin Luther King, mjini Washington. Waliofika kusikia shukrani walisikia jambo jingine. Aliwataka viongozi waliokuwamo ukumbini warudi kwa watu wao wakazungumze juu ya mgomo wa wafanyakazi wote, ili watumishi wa serikali walipwe. Neno hilo lilikuwa halijasikika katika kinywa cha kiongozi wa cheo chake kwa muda mrefu. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: wahudumu wa ndege ni waajiriwa wa makampuni, hawafungwi na sheria ya watumishi wa serikali, na usalama wa kazi yao wenyewe unategemea mwongozaji wa ndege ambaye hajalala kwa sababu usiku anafanya kazi ya pili apate chakula.

Siku hiyo hiyo ya tarehe 20 mkaguzi mmoja kati ya kila kumi wa viwanja vya ndege hakufika kazini. Tarehe 25 Januari waongozaji wa ndege wachache tu hawakufika katika vituo viwili, kimoja Virginia na kingine Florida. Ndege zilizotaka kwenda LaGuardia, mjini New York, zikazuiwa kuruka huko zilikokuwa, na ucheleweshaji ukaenea Newark na Philadelphia. Alasiri ya siku hiyo Rais Trump akatangaza kwamba idara zitafunguliwa. Zilikuwa zimefungwa siku 35, muda mrefu kuliko mara zote zilizotangulia. Si haki kusema kwamba hotuba moja ndiyo iliyozifungua. Baraza la Seneti nalo lilikuwa limekwisha kuonyesha kuchoka. Lakini ilikuwa imeonekana wazi mahali ambapo kamba ilikuwa nyembamba.

Tangu siku hiyo watu walianza kumtaja kwa kiti cha AFL-CIO. Kiti hicho kilikuwa cha Bwana Richard Trumka, mchimbaji makaa ya mawe wa zamani, aliyekishika tangu mwaka 2009. Bwana Trumka alifariki dunia ghafula tarehe 5 Agosti 2021. Kwa wengi ilionekana kwamba mlango umefunguka. Kwa hakika ulikuwa umefungwa, kwani katiba ya shirikisho iliipa halmashauri kuu uwezo wa kujaza nafasi hiyo, na tarehe 20 Agosti halmashauri ilimteua Bibi Shuler, aliyekuwa katibu na mweka hazina, kutoka chama cha mafundi umeme. Akawa mwanamke wa kwanza kushika urais wa shirikisho hilo tangu lilipoundwa mwaka 1955. Mkutano mkuu, uliokuwa ufanyike mwaka 2021, ulikuwa umeahirishwa hadi Juni 2022. Kwa hiyo Bibi Shuler aliingia katika uchaguzi akiwa amekalia kiti kwa miezi kumi.

Zaidi ya hapo kuna hesabu. Wakati huo shirikisho lilikuwa na vyama karibu 60, na lilihesabu wanachama wapatao milioni 12 na nusu. Katika mkutano mkuu kila chama hupiga kura kwa kadiri ya wanachama kinaowalipia ada. Wahudumu 50,000 ni mtu mmoja katika kila 250. Tena AFA hata haisimami peke yake, kwani tangu mwaka 2004 ni sehemu ya chama kikubwa cha wafanyakazi wa mawasiliano. Vyama vya walimu, vya watumishi wa serikali za mitaa, vya mafundi umeme na vya wafanyakazi wa maduka ya vyakula vina wanachama wa kuhesabiwa kwa mamilioni au malaki. Viongozi watano au sita wakikubaliana katika chumba kimoja, uchaguzi umekwisha. Mhudumu aliyejulikana na kila msafiri hakuwa na ahadi ya vyama hivyo. Wanaomsifu walisema shirikisho liliogopa mtu wa kusema ukweli. Wanaomkosoa walisema kutamka mgomo ni rahisi kuliko kuuandaa. Pande zote mbili zina chao cha kusimamia, lakini hesabu ya kura ndiyo iliyoamua.

Isitoshe, rais wa shirikisho hilo huongoza watu wasioelewana. Huenda wasikilizaji wa polisi wakashangaa kusikia kwamba ndani yake kimekuwamo chama cha polisi, kilichopewa hati ya uanachama mwaka 1979. Baada ya George Floyd kuuawa na askari polisi mjini Minneapolis mwezi Mei mwaka 2020, chama cha waandishi wa michezo ya sinema cha mashariki ya Marekani kilitaka chama hicho cha polisi kifukuzwe. Viongozi wa shirikisho walikataa. Tatizo hilo ni la zamani: mwezi Septemba mwaka 1919 zaidi ya askari polisi 1,100 wa Boston waligoma kwa sababu ya kunyimwa haki ya kuwa na chama, wote wakafukuzwa, na gavana aliyeita askari wa jimbo kulinda mji, Calvin Coolidge, akaja kuwa rais wa nchi mwaka 1923.

Sheria za dunia zimeliacha jambo hilo mikononi mwa kila taifa. Mkataba nambari 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, unampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, lakini ibara yake ya tisa inasema kwamba kiasi cha haki hiyo kwa majeshi na polisi kitaamuliwa na sheria za nchi. Tanzania, kwa mfano, katika sheria ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004, imewaweka nje Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Na uongozaji wa ndege imeuhesabu miongoni mwa huduma muhimu ambazo mgomo wake umewekewa mipaka, pamoja na maji, umeme na hospitali. Sababu yake inaeleweka: mwenye bunduki akigoma, hakuna anayebaki kulinda. Lakini sheria inayomfunga askari mdomo humbebesha mwajiri wake, yaani serikali, deni la kumlipa kwa wakati bila kukumbushwa, na deni hilo ndilo lililovunjwa kwa Walinzi wa Pwani mwaka 2019. Mwaka huo huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwahakikishia watumishi malimbikizo yao kila idara zinapofungwa. Malimbikizo, yaani baada ya njaa.

Bibi Nelson alirudi katika chama chake. Huko nako mamlaka yake yamewekewa mpaka na wale wale waliompa. Mwezi Julai mwaka 2025 viongozi wa chama walipeleka kwa wahudumu wa United mkataba uliokwisha kukubaliwa mezani na shirika, na asilimia 71 ya waliopiga kura wakaukataa.

Tarehe 1 Oktoba mwaka huo idara za serikali ya Marekani zilifungwa tena kwa kukosa bajeti, safari hii kwa siku 43. Waongozaji wa ndege wakakaa tena kwenye vioo vya rada bila mshahara. Mwezi Novemba, waliokosa kufika zamu walipozidi kuongezeka, serikali yenyewe iliamuru safari zipunguzwe katika viwanja 40 vikubwa, na tarehe 12 ya mwezi huo bajeti ikatiwa saini.